Asali Niliyoiita Dawa

Itigi, usiku wa kuamkia safari yako

Mwanangu Sada,

Shuleni tulifundishwa kwamba barua huanza kwa kusema mimi ni mzima wa afya, hofu ni kwako wewe uliye mbali. Leo maneno hayo yamenigomea. Mimi si mzima, na hilo unalijua. Wewe nawe hauko mbali, uko chumba cha pili unafunga sanduku lako kwa kamba, naona kivuli chako kikipita chini ya pazia. Katika salamu ile kilichobaki kweli ni hofu tu. Hofu ninayo, na hainipi nafasi ya kukaa.

Mambo ya blanketi, ya unga, ya nani atakupokea Tabora na usinunue nini njiani, mama yako ameyasema tangu wiki iliyopita na kesho atayasema tena. Simwingilii. Mimi nimechukua kalamu kwa sababu kuna jambo ambalo baba hamwambii binti yake kwa mdomo. Tena hata kama ningejikaza nikalisema, ungenijibu kwa ile sauti yako nyembamba nami nisingesikia, ingebidi upige kelele, na nyumba zote mpaka kwa fundi baiskeli zingejua habari zetu.

Jambo lenyewe nalitaja mapema, usije ukalitafuta katikati ya maneno ya mzee. Nataka ukifika Tabora ukapime sukari.

Mama yako ndiye aliyeona. Alikuwa anafagia bafu la uani akakuta sisimizi wamejaa pale penye jiwe, asubuhi moja, halafu nyingine, na mimi siku hizi bafu lile silitumii. Akaanza kukuangalia. Unaamka usiku kwenda kwenye mtungi wa maji. Ile sketi ya kijani aliyokushonea kwa ajili ya chuo ameipunguza kiuno, na juzi ameipunguza tena. Alipokuuliza juu ya kiu ulimwambia ni dagaa, wana chumvi nyingi. Alipokuambia mwende hospitali ulimwambia maneno ambayo alikuja kunieleza huku anajifuta machozi kwa khanga.

"Mama, binti akikonda halafu akaonekana kwenye foleni ya kupima, watu watasema nini?"

Najua watakachosema. Siku hizi mtu akikonda hakuna anayeuliza kama amekula, wameshamzika kwa midomo yao kwa ule ugonjwa unaotajwa kwa kunong'ona. Hofu yako si ya kijinga, na mimi sitakucheka. Lakini sisimizi hawaji kwa ajili ya ugonjwa ule, Sada, wanafuata sukari iliyo kwenye mkojo. Sisimizi hao nawajua vizuri, maana walianza kunifuata mimi.

Ulikuwa mdogo wakati sukari ilipokuwa ya foleni. Watu walikuwa wanakesha nje ya duka la ushirika, na asubuhi wengine wanarudi na vikapu vitupu. Hapa kwetu shida hiyo hatukuionja, kwa sababu baba yako alikuwa na mizinga porini, na chai ya nyumba hii ilikuwa ya asali. Nilijivuna, mwanangu. Mgeni akiingia namtilia asali mpaka kijiko kinasimama, namwambia anywe, kwangu hakuna foleni. Watu walicheka na kunisifu, nami nilikunywa kuliko wageni wangu.

Halafu biashara ikaachiwa huru. Sukari ikaja kwa magunia, soda zikapangwa kreti juu ya kreti pale stesheni, na malori ya wanunuzi yakaanza kuingia huku kutafuta asali na nta. Mnunuzi hapatani na mtu mwenye koo kavu. Anakununulia soda kwanza, ukiimaliza anakuuliza umebakiza madebe mangapi, ukisitasita anaagiza nyingine. Nilikuwa naonekana mtu mkubwa, nimekaa juu ya kreti, chupa mkononi, kofia nimeirudisha nyuma. Nikanenepa, mama yako akafurahi. Kisha nikaanza kukonda, kiu ikanishika ambayo maji hayaitoi, na sisimizi wakaja nyuma ya nyumba.

Nikaenda kupima. Mhudumu alitia dawa ya bluu kwenye kichupa, akadondoshea mkojo wangu kidogo, akakipasha moto. Ile bluu ikageuka mbele ya macho yangu, ikawa kijani, ikawa manjano, mwisho ikawa rangi ya tofali lililochomwa. Akaniambia, mzee una kisukari, achana na sukari, akanipa vidonge na kuniambia nirudi. Ndiyo kipimo chenyewe. Hakuna sindano, wala hakuna anayeandika jina lako ukutani.

Nami sukari nikaachana nayo, Mungu ni shahidi. Kuanzia siku ile hakuna aliyeniona na sukari wala soda, na wazee wa msikitini wakawa wananitaja kama mfano wa mtu anayejua kujizuia. Nilichofanya ni kurudi kwenye asali yangu. Kichwani mwangu asali haikuwa sukari. Sukari inatoka kiwandani ndani ya gunia, asali inatoka kwenye maua, na hata Kitabu kinasema ndani yake mna tiba. Kwa hiyo vidonge vya hospitali nilikuwa navimeza kwa asali, kidonge kimoja kwa kijiko kilichojaa. Vidonge vilipokwisha sikuona haja ya kufuata vingine, maana dawa kubwa ninayo ndani ya debe, chini ya kitanda. Mtu wa mjini asiye na mzinga hawezi kukosea kosa hilo, litamshinda bei. Lilikuwa kosa letu sisi warina asali, na mimi nililifanya kila siku kwa moyo mweupe.

Sasa nikueleze habari ya masikio, kwa sababu nimewadanganya. Niliwaambia wewe na mama yako kwamba masikio yangu yaliharibika siku ile ya ajali ya mti. Si kweli. Yalikuwa yameanza kuondoka zamani.

Wa kwanza kupotea alikuwa ndege. Unamjua yule ndege mdogo anayeonyesha asali, niliwahi kukubeba begani tukamfuata, ukawa unamjibu. Msimu mmoja sikumsikia. Msimu uliofuata pia. Nikawalaumu wachoma mkaa, nikasema wamemaliza miti na ndege wamehama, na maneno hayo niliyapeleka mpaka kwenye mkutano wa kijiji nikapigiwa makofi. Siku moja tuko porini na baba yako mdogo Ntandu, tumekaa tunakula viazi, nikaanza tena wimbo wangu wa wachoma mkaa. Ntandu akaacha kutafuna. Aliniangalia, akaangalia juu ya kichwa changu.

"Kaka, ndege si huyu hapa. Anatupigia kelele tangu tukae."

Niliinua macho nikamwona. Mkia unatikisika, mdomo unafunguka na kufungika, na mimi sisikii kitu ila ule mvumo wa ndani ya kichwa, kama taa ya karabai iliyotiwa upepo mwingi. Nikamwambia Ntandu nilikuwa namtania. Hakucheka, lakini alinistahi, akaendelea na viazi vyake.

Baada ya ndege ulifuata wewe. Sauti za wanaume nilizisikia, na ng'ombe, na treni, kwa hiyo nikajiambia masikio ni mazima. Zilizoniponyoka ni zile nyembamba, kijiko kwenye kikombe, kuku anapoita vifaranga, na wewe, maana Mungu alikupa sauti ya bibi yako, ya juu, sauti ya kuimbisha harusi. Nilikuwa naangalia midomo yako na kubahatisha. Ukicheka nacheka. Ukinyamaza naondoka, kabla hujaniuliza swali.

Ndiyo maana nakuomba ukumbuke siku uliyoleta habari ya chuo. Nilikuwa nimekaa uani nashona gome la mzinga, uso nimeuelekeza ukutani. Wewe ulikuja nyuma yangu ukasimama, ukasema umechaguliwa. Nayajua hayo kwa kuwa mama yako alinieleza baadaye. Mimi niliendelea kushona. Ukangoja, nikaendelea kushona. Ukaingia ndani. Punde mama yako akatoka akasimama mbele yangu, ana hasira ambayo sijawahi kumwona nayo.

"Mtoto anakuletea habari ya namna hii unamnyamazia kama mtu aliyekuja kuazima chumvi. Hukumsikia?"

Sada, ningejibu neno moja tu, sikumsikia, mambo yangeishia pale. Lakini niliona aibu. Niliona ni afadhali binti yangu anione mkali kuliko anione kiziwi. Nikamwambia mama yako, "Nimemsikia. Nilikuwa nafikiri."

Na wewe ulikuwa mlangoni, ukasikia. Tangu siku hiyo umeniheshimu sana, shikamoo asubuhi, shikamoo jioni, na hujaniletea habari nyingine yoyote. Unaamini baba yako alifikiri juu ya chuo chako akakosa neno la kusema. Mwanangu, sikufikiri chochote. Sikujua hata kwamba uko nyuma yangu. Ningejua, ningelitupa lile gome nikaenda kuwaita majirani, maana katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kwenda kufundishwa ualimu, na hakuna linalonikosesha usingizi kama kujiuliza iwapo utawahi kuniletea habari tena. Hilo limeniuma kuliko masikio yenyewe.

Kichwa nacho kikaanza mambo yake. Msikitini, ninapoinuka kutoka sujudu, ukuta ulikuwa unaondoka. Nikipaka sabuni usoni na kufumba macho, najikuta nimekaa chini bafuni sijui nimefikaje. Njiani jioni nilikuwa napepesuka, na watu wakaanza kusema Mzee wa asali siku hizi haiuzi yote, nyingine anaifanya wanzuki anakunywa peke yake. Mimi, ambaye pombe sijaitia mdomoni tangu nizaliwe! Nilikasirika sana, lakini sikuwakatalia. Mtu akiitwa mlevi ana siku ya kuacha. Nilichokuwa naogopa ni lile jina lingine, la mgonjwa.

Mti wenyewe unaujua kwa kusimuliwa, lakini hujasimuliwa yote. Asali hurinwa usiku, nyuki wanapokuwa wapole, na kazi hiyo nimeifanya gizani tangu kabla sijaoa. Usiku ule nilipanda kama kawaida, Ntandu akiwa chini na kienge cha moshi. Nilipofika kwenye tawi mwezi ukaingia kwenye wingu. Hapo hapo sikujua tena juu ni wapi na chini ni wapi. Sitii chumvi. Mwili wangu haukuwa na habari. Nilihisi tawi linageuka na mimi nimening'inia kwa miguu, kumbe nimekaa vizuri tu. Nilikumbatia tawi lile nikafumba macho ikawa mbaya zaidi, nikafumbua nikaona giza lile lile. Ntandu ananiita, najua ananiita, simsikii, nyuki wamenitambaa shingoni. Sikuanguka, kinyume na nilivyowaambia. Ntandu alipanda akanifunga kwa kamba ya mizinga, akanishusha taratibu kama mzinga uliojaa. Yale majeraha ya kifuani ni ya kamba. Nilipofika chini nililia, na yeye akakaa kando akageuza uso, akaniacha nimalize.

Ni yeye aliyenipeleka hospitali. Mama yako alidhani tunakwenda kutibu mbavu. Huko nilimkuta daktari kijana, mpole, ana kitu kama uma wa chuma wenye meno mawili. Anaugonga kwenye goti lake unalia, anauweka karibu na sikio langu, ananiuliza kama nausikia. Kisha akaniambia nisimame nibananishe miguu, nifumbe macho. Nilifumba, nikaangukia mikononi mwake. Hakushangaa hata kidogo, alikuwa ameshanyoosha mikono.

Nikamwambia huenda ni nta imejaa masikioni, maana mimi na nta hatuachani. Akanichungulia, akasema njia ni safi, shida iko ndani zaidi, nyuma ya ngoma ya sikio, ndani ya mfupa. Alinichorea. Kuna kitu kama konokono, kimejaa maji, na ndani ya maji kuna vinyweleo vidogo sana vinavyotikiswa na sauti na kuipeleka kwenye ubongo. Pembeni ya konokono kuna vijifereji vitatu vya maji pia, na hivyo havisikii, kazi yavyo ni kukuambia umesimama au umelala. Nikamwambia hiyo naijua, ni pima maji ya fundi mwashi. Akafurahi akasema ndiyo hiyo hiyo, mzee, unayo moja kila upande wa kichwa.

Akasema vyote hivyo vinalishwa na vijishipa vya damu vyembamba sana, na sukari ikizidi kwenye damu miaka mingi inavichakaza vijishipa hivyo na kuila mishipa ya fahamu, kama inavyofanya machoni, miguuni na kwenye figo. Tofauti ni kwamba jicho mtu analilalamikia mapema, sikio analisingizia uzee. Alisema hawezi kuapa kwamba yote niliyopoteza ni ya sukari, uzee nao unachukua fungu lake, na wako wenye kisukari ambao masikio yao ni mazima. Lakini kwa sukari kama yangu, isiyotibiwa, asingeitafuta sababu nyingine mbali. Mimi nilifikiria asali yetu wakati wa baridi ya mwezi wa saba, inavyoganda kwenye kitambaa cha kuchujia ikakataa kupita. Sijui kama ndani ya sikio iko hivyo. Ndivyo nilivyoelewa mimi.

Kisha akaniuliza ninakula nini. Nikamwambia kwa kujiamini kabisa kwamba sukari sijaigusa tangu nilipokatazwa, natumia asali tu, ya porini, safi. Akaiweka kalamu chini.

"Mzee wangu," akasema, "asali ni sukari iliyotengenezwa na nyuki. Mwili wako hauulizi nani katengeneza."

Miaka yote ile nilikuwa nameza ugonjwa juu ya dawa, kijiko baada ya kijiko, na kuwasimanga wenzangu wanaopanga foleni. Nilimuuliza kama masikio yatarudi. Akasema kilichokwenda kimekwenda, ila nikiitunza sukari naweza kukilinda kilichobaki, na macho yatanisaidia kusimama, kwa hiyo nisipende giza. Ndiyo maana mnaniona nalala na kibatari, ndiyo maana nimempa Ntandu mizinga yote, na ndiyo maana bafu lile la giza sikanyagi tena. Mlidhani ni woga wa miguu yangu kwa sababu ya ajali. Ni kwamba sina pima maji kichwani, natumia macho.

Wiki hii, mama yako aliponieleza habari za sisimizi, nilirudi kwa daktari yule peke yangu. Nilimuuliza kama ugonjwa huu unatembea katika damu ya ukoo. Akasema unaweza, si lazima. Nikamuuliza, na kama mwenyewe ni kijana, binti, anakonda na anakunywa maji sana? Akaniambia kwa kijana ugonjwa huja kwa mbio, haungoji miaka ya kula masikio, unaweza kumwangusha kabla hajajua anaumwa. "Mlete kesho," akasema. Hiyo kesho ilikuwa juzi, na sikukuleta.

Unaona sasa nilivyojifunga kwa kamba yangu mwenyewe. Nilifikiri kukuzuia. Nilifikiri nikuambie huendi chuo mpaka upimwe, na kusema kweli nilifikiri hata kuficha tiketi. Mama yako akaniambia nikifanya hivyo utasema, naam, ndilo lile jambo alilokuwa analifikiria siku ile anashona mzinga. Na ana haki. Kama ningesema sikumsikia, leo ningekuwa na mdomo wa kukuambia usiondoke. Aibu ya dakika moja imekula neno langu la leo, na leo ndiyo siku niliyolihitaji.

Kwa hiyo sikuzuii. Nenda. Furaha yangu ya kuwa unakwenda ni kubwa, hata kama imekuja imechelewa na kwa karatasi. Lakini usiende kama nilivyokwenda mimi, umejificha. Tabora hakuna anayekujua wewe ni binti wa nani, wala sketi yako ilikuwa na kiuno gani mwaka jana. Nenda hospitali siku ya kwanza, kabla ya darasa, kabla hujapata rafiki wa kumwonea haya. Sema, baba yangu ana kisukari, nimekuja kupimwa sukari. Ukilitaja jina langu mbele hakuna atakayekudhania lingine. Na kama katika treni utaanza kutapika au kuhema kwa shida, usingoje Tabora wala usione aibu, waambie watu. Hospitali wakisema huna kisukari, nitachinja mbuzi mwekundu na mama yako atanisema kwa hofu zangu za kizee mpaka nife, nami nitafurahi kusemwa, ilimradi aseme kwa nguvu. Wakisema unacho, mwanangu, dawa ipo. Watu wanasoma wakiwa nacho, wanafundisha wakiwa nacho, wanazaa na kulea. Wanaoangamia ni wale wenye debe chini ya kitanda.

Na wewe una darasa linakungoja. Mwalimu anahitaji kusikia mtoto wa nyuma kabisa anayejibu kwa woga. Sauti za watoto ni nyembamba, Sada. Nakuambia kwa kuwa najua zinavyoondoka, bila kuaga.

Barua hii nitakupa kesho stesheni, uisome kwenye benchi tukiwa tunangoja, ndiyo maana nimeandika kwa herufi kubwa. Usinijibu kwa mdomo. Pale pana kelele, nitabahatisha, na jambo hili sitaki kulibahatisha. Jibu ukishaingia ndani ya behewa. Watu wote dirishani watakuwa wanapunga mikono, wewe usipunge. Kama umekubali kwenda kupimwa, weka kiganja chako juu ya sikio, basi. Nitaelewa.

Nikuonye jambo moja. Treni ikianza kutembea mbele yangu, macho yangu yanadanganyika, yanadhani ni mimi ninayeondoka, na mwili unafuata macho. Nilijaribu siku ile nilipotoka kwa daktari, pale pale stesheni, nikajikuta nimekumbatia nguzo ya taa na wauza mayai wananicheka. Dawa yake ni kushika kitu na kufumba macho mpaka behewa la mwisho lipite. Mama yako anajua, atakuwa pembeni yangu.

Wanasema treni itafika alfajiri. Naomba ichelewe kama ilivyo desturi yake, jua litoke, nipate kuona vizuri. Nitaishika ile nguzo kwa mikono miwili. Lakini macho sitayafumba, Sada, hata dunia yote izunguke, mpaka nione mkono wako umekwenda wapi.

Ni mimi baba yako, ambaye siku ile hakukusikia.